Hereni Haining'inii Vile Unavyodhani: Kupiga Picha Mapambo ya Kazi ya Mikono Yakiwa Mwilini

Mwanafunzi wa mitindo akipewa kazi ya kupiga picha mapambo ya kazi ya mikono, swali lake la kwanza huwa ni kamera gani atumie. Hilo linaweza kusubiri. Kasoro nyingi anazotupiwa mpiga picha huwa zimeshatokea kabla kamera haijawashwa: hereni imegeuka ikaonyesha mgongo wake, kidani kimelalia mtulinga mmoja, kifungo cha mkufu kimeteleza hadi kooni, bangili imezungusha upande wake mzuri ukaangalia sakafu. Lenzi nzuri itayaonyesha hayo yote kwa uwazi zaidi kuliko lenzi mbovu. Ndiyo maana sehemu kubwa ya makala haya inahusu sikio, shingo, mkono na nguo. Mwanga na kamera vitakuja kwa zamu yao.

Tuanze na hesabu kidogo, kwa kuwa ndiyo inayoamua aina ya picha utakazopiga. Ushanga wa kioo wa namba 11, ule mdogo unaopendwa kwenye kazi za kusuka, una upana wa takribani milimita 2. Picha ya mwili mzima hubeba kama mita 1.8 kutoka juu hadi chini. Kamera yenye pikseli 6000 kwenye upande mrefu itaupa ushanga mmoja pikseli 6 au 7. Si haba. Lakini picha hiyo ikipunguzwa hadi pikseli 1350, kimo cha kawaida cha picha ya wima mitandaoni, ushanga unabaki na pikseli moja na nusu, na mpangilio wa rangi uliomchosha fundi unakuwa ukungu. Bana fremu ibebe sentimita 30 tu, kama kutoka kidevuni hadi katikati ya kifua, na ushanga ule ule unapata pikseli 9. Hapo mtazamaji anaweza kuhesabu mistari.

Kwa hiyo picha ya mwili mzima ina kazi moja: kuonyesha ukubwa wa pambo kando ya mtu na jinsi linavyoelewana na nguo. Ufundi hauonekani humo, hata ungepiga mia. Kwa kila pambo panga picha nne zenye kazi tofauti: moja ya mbali, moja ya kichwa na kifua (au mkono mzima, kama ni bangili), moja ya karibu sana, na moja ya kifungo au upande wa nyuma. Hii ya mwisho wanafunzi huiruka. Mnunuzi wa kitu cha mkono anataka kujua kinafungwaje na nyuzi zimemaliziwaje, na mkufunzi anayekagua kazi yako atatafuta jambo hilo hilo.

Jaribio la kuvaa

Siku moja au mbili kabla ya kupiga picha, kila pambo livaliwe na mtu. Si lazima awe mwanamitindo mwenyewe. Yeyote mwenye shingo anafaa kwa kuanzia. Andaa karatasi moja kwa kila pambo na uandike malighafi, urefu kwa sentimita, uzito kwa gramu, aina ya kifungo, upande ulio mbele na kasoro ulizoziona. Piga picha ya haraka kwa simu huku mtu akiwa amesimama, kisha akiwa amegeuza kichwa, kwa sababu mapambo mengi hukaa vizuri mpaka mvaaji atikisike.

Hereni zina mambo mengi kuliko mapambo mengine yote. Ya kwanza ni uzito. Hereni isiyozidi gramu 10 kwa sikio moja huning'inia wima kwenye ndewe nyingi. Ikifika 15 au zaidi, ndewe huvutika, tundu hurefuka, na hereni ya kijiti huinamisha uso wake ukatazama chini. Dawa yake ni kisahani kidogo cha plastiki angavu chenye upana wa sentimita moja, kitobolewe katikati na kuwekwa nyuma ya ndewe kabla ya kizibo. Uzito unagawanyika, hereni inanyanyuka, na kutoka mbele hakuna anayekiona.

Ya pili ni mwelekeo, na hapa ndipo picha nyingi huharibika bila mtu kujua sababu. Kulabu ya hereni ikiwa sikioni hukaa ikielekea mbele na nyuma. Kila kipete cha kuunganishia kinachofuata hugeuka robo mzunguko kutoka kwa kile kilichotangulia. Kwa hiyo hereni bapa yenye kipete kimoja na ile ile yenye vipete viwili haziangalii upande mmoja: moja itamtazama mtu anayekuja mbele, nyingine itamtazama aliye ubavuni. Kama umepanga picha za uso ukielekea kamera na hereni inaonyesha ukingo wake mwembamba, ongeza au punguza kipete kimoja. Kazi yenyewe ni ya dakika mbili kwa koleo mbili. Kipete kifunguliwe kwa kusukuma ncha moja mbele na nyingine nyuma; ukizivuta kando zitatanuka, na duara halitarudi tena kuwa duara.

Vidani na mikufu huhitaji futi ya kupimia. Mkufu wa sentimita 40 hukaa chini ya koo, wa 45 hushuka kidogo chini ya mitulinga, wa 60 huelekea kifuani. Vipimo hivi ni vya shingo ya wastani tu. Mwenye shingo ya sentimita 38 atauvaa mkufu wa 45 juu zaidi kuliko mwenye shingo ya 32, na pengo hilo linatosha kuupeleka mkufu juu ya ukingo wa nguo au chini yake. Omba kipimo cha shingo ya mwanamitindo mapema. Ukitaka kupanga mikufu miwili au mitatu pamoja, iachanishe kwa sentimita 5 angalau. Ikikaribiana zaidi ya hapo itasokotana kila anapopumua, na utatumia muda wako wote kuikwamua.

Tazama pia namna kidani kinavyojikunja. Shanga zilizotungwa kwa kubanwa mno kwenye waya hazifanyi mviringo. Hukatika pembe pembe, na kidani kinasimama badala ya kulala kifuani. Waya ukiachwa na nafasi ya milimita 2 au 3 kabla ya kufungwa, shanga hupata pa kusogea. Hili ni la fundi kulirekebisha, tena kabla ya siku ya picha. Kifungo kinachotambaa kuja mbele ni jambo jingine: maana yake ni kizito kuliko kilichopo mbele. Kishikize kwa kipande cha selotepu nyuma ya shingo, au kwa mishono miwili ya uzi kwenye ukosi wa nguo.

Bangili ngumu na pete hushindwa na uzito wao: upande uliopambwa ndio mzito, nao hushuka chini. Kipande kidogo cha utepe wenye gundi pande mbili kikiwa ndani ya bangili, au kikiwa upande wa kiganja kwenye pete iliyolegea, kinatosha. Usitumie gundi ya papo kwa papo kwa marekebisho ya dakika za mwisho. Mvuke wake huacha utando mweupe juu ya kioo na chuma, na utando huo huonekana kwenye picha ya karibu kama vumbi lisilofutika.

Mvaaji na kinachomzunguka

Kumchagua mwanamitindo kwa sura peke yake ni kosa kwenye kazi hii. Uliza ana matundu mangapi na yamepona lini. Sikio lililotobolewa karibuni liachwe kabisa. Uliza kama ngozi yake huwashwa na nikeli, kwa kuwa kulabu na vifungo vingi vya bei nafuu vina madini hayo, na upele ukitokea shingoni kazi imekwisha. Vijiti na kulabu visafishwe kwa spiriti ya asilimia 70 kila vinapohama sikio. Futa kijiti tu: spiriti hufifisha vanishi, lulu, resini na ngozi iliyotiwa rangi.

Mwombe aje bila saa, bila mpira wa nywele mkononi, na akiwa amevaa nguo isiyobana mabegani. Alama ya kamba ya sidiria huchukua nusu saa na zaidi kupotea, na kuifuta kwenye kompyuta ni kazi ya kuudhi, hasa inapopita chini ya mkufu.

Nguo. Mimi huamini kuwa nguo ya kazi hii inatakiwa kuwa nzuri kiasi cha kutosababisha maswali, basi. Kitambaa kisichong'aa, rangi moja, mshono mchache. Satini huleta miale yake yenyewe inayoshindana na shaba. Mahameli meusi huvuta nyuzinyuzi na vumbi lote la chumbani. Njia rahisi ya kuchagua rangi ni kutafuta ile iliyo tulivu zaidi ndani ya pambo lenyewe na kuivaa hiyo: kidani chenye nyekundu, njano na kahawia kikae juu ya kahawia. Wengine hupenda kinyume, nguo ya rangi inayopingana kabisa, na hilo nalo hufanya kazi ikiwa pambo ni kubwa na la rangi moja. Kwa shanga ndogo za rangi nyingi, kinyume hicho huleta fujo.

Shingo ya nguo nayo ina usemi wake. Shingo ya V hupokea mkufu wenye kining'inio kinachoshuka katikati, kwa sharti kwamba ncha yake isimame sentimita 3 au 4 juu ya ncha ya V. Vikigusana, jicho halijui litazame kipi. Kidani kipana cha bapa hutaka mabega wazi au shingo iliyofunga kabisa. Shingo ya duara inayokatiza kidani katikati ndiyo mbaya kuliko zote, nayo ndiyo fulana ambayo kila mtu anayo kabatini. Nguo ikiwa kubwa, ibane nyuma kwa vibanio. Mbele itakaa sawa, na picha ya nyuma utaipiga bila vibanio hivyo.

Mpangilio wa kuvaa ni huu: vipodozi, nguo, nywele, kisha mapambo mwisho kabisa. Fondesheni ya shingoni ikigusana na shanga huingia kwenye matundu yake na haitoki. Ipakwe, isubiriwe ikauke, ipigwe poda kidogo. (Krimu ya jua yenye oksidi ya zinki au titani, na zile poda nyeupe za silika, hurudisha mwanga wa flashi na kumfanya mtu aonekane amemwagiwa unga. Kwa mwanga wa dirisha hazina neno.) Losheni ipakwe mapema na ifutwe. Mafuta kidogo ya mgando juu ya mitulinga huvutia mwanga vizuri, lakini yasifike pale kidani kinapolala, kwa sababu ngozi ya mnyama na ukili hunyonya mafuta na doa halitoki.

Shaba ing'arishwe asubuhi ile ile, kisha ishikwe kwa glavu za pamba. Alama ya kidole isiyoonekana kwa macho huonekana wazi kwenye picha ya karibu.

Mwanga

Hapa itabidi nikae kidogo, kwa sababu mapambo yana tabia mbili zinazopingana na watu hutaka kuyamulika kwa njia moja.

Kitu kinachong'aa, kama shaba, fedha, kioo au pembe iliyosuguliwa, huonyesha kile kilicho mbele yake. Mwanga hukipiga na kuondoka kwa pembe ile ile uliyoingilia. Ukiona bangili imekuwa nyeusi kwenye picha ilhali chumba kina mwanga tele, maana yake kutoka pale ilipo lenzi bangili inaakisi ukuta wa giza. Kuongeza nguvu ya taa hakusaidii. Kinachosaidia ni kuweka kitu cheupe mahali ambapo bangili inatazama: ubao au karatasi ya manila ya sentimita 50 kwa 70 inatosha kwa mapambo ya kichwani na kifuani. Weka jicho lako pale penye lenzi, mwambie mwenzako ausogeze ubao taratibu, na utaona chuma kikijaa weupe ghafla. Simamisheni hapo. Sasa chuma ni cheupe chote na kimepoteza umbo. Chukua kipande chembamba cha karatasi nyeusi na ukiweke kando ya ubao mweupe hadi mstari mweusi utokee kwenye ukingo wa bangili. Mstari huo ndio unaoleta umbo.

Bangili ya mviringo huona chumba kizima, pamoja na wewe. Vaa nguo nyeusi isiyo na maandishi.

Wengi hudhani kichujio cha polaraiza kitaondoa mng'ao wote. Kwenye kioo, resini, vanishi na ngozi kitapunguza kweli, kikigharimu takribani hatua moja na nusu hadi mbili za mwanga (hatua moja ni mwanga kupungua kwa nusu). Kwenye chuma kitupu hakifanyi lolote la maana, kwa kuwa mng'ao wa chuma haupangiki kwa namna ambayo kichujio hicho kinaweza kuuzuia.

Ukili, mkonge, kitambaa, mbao isiyopakwa rangi na ngozi ya mnyama hutaka kinyume chake. Uzuri wake upo kwenye mabonde na vilima vya uso wake, na mabonde hayo huonekana tu mwanga ukipita kwa ubavu, kama digrii 60 hadi 80 kutoka mstari wa lenzi. Flashi ya kwenye kamera, inayopiga uso kwa uso, hulaza kila kitu: mkoba uliosukwa kwa siku nyingi unaonekana kama uliochapwa kwa wino. Pambo likichanganya shaba na ukili, amua ni kipi kiongoze kisha ukimulike hicho. Kingine kisaidie kwa ubao mweupe.

Kwa mwanafunzi asiye na taa, dirisha lisiloingiza jua la moja kwa moja linatosha, au lile linaloingiza jua likiwa na pazia jepesi jeupe. Mwanamitindo akae mita moja hadi moja na nusu kutoka dirishani, ubavu ukielekea dirisha, na ubao mweupe upande wa pili, sentimita 50 hadi 70 kutoka usoni. Chanzo cha mwanga kilicho kidogo kikihamishwa kutoka mita 1 hadi mita 2, mwanga hushuka hadi robo; dirisha pana halishuki kwa ukali huo, ila mtu aliyeketi karibu nalo sana bado atakuwa na sikio moja linalowaka na jingine gizani. Ukuta wa nyuma uwe mita moja na nusu au mbili kutoka mgongoni mwake ili kivuli cha hereni kisiangukie hapo. Zima balbu zote za chumbani. Mwanga wa dirisha huwa karibu na kelvini 5500 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga) na balbu ya njano karibu na 2700 hadi 3000. Vikichanganyika, upande mmoja wa shanga nyeupe unakuwa wa buluu na mwingine wa chungwa, wala hakuna marekebisho ya rangi yatakayoweka sawa pande zote mbili kwa pamoja.

Ngozi nyeusi na shanga nyeupe ni mchanganyiko mzuri sana unaoshindwa kwa sababu moja: mita ya kamera hudhani kila kinachoonekana ni kijivu cha wastani. Ukuta ukiwa mweupe itaifanya ngozi kuwa nyeusi mno. Ukuta ukiwa mweusi itaunguza shanga. Usiiachie iamue. Rekebisha hadi shanga nyeupe ziwe na maelezo, kisha nyanyua ngozi kwa kusogeza ubao mweupe karibu. Umbo la ngozi nyeusi huonekana kwa miale yake zaidi kuliko kwa vivuli, kwa hiyo mwanga mpana wa ubavuni huchora mitulinga na taya vizuri, na poda nyingi huliua jambo hilo kwa kuiacha ngozi ikiwa ya kijivujivu. Tazama histogramu, yaani grafu ya mgawanyo wa mwanga kwenye picha, ya kila rangi peke yake. Shanga nyekundu hujaza rangi nyekundu hadi kufurika wakati histogramu ya jumla bado inaonyesha usalama, na matokeo yake ni doa jekundu lisilo na shanga ndani yake. Shusha theluthi moja au mbili za hatua.

Kamera na mkao

Lenzi ya milimita 85 hadi 100 kwenye kamera ya sensa kamili (sensa ni kipande kinachopokea mwanga, na kamili ni ile yenye ukubwa wa filamu ya milimita 35), au 50 hadi 60 kwenye sensa ndogo, hutunza uwiano wa uso na pambo. Simu pia hufaa. Lenzi yake kuu ni pana, sawa na milimita 24 hadi 26, na ukiisogeza karibu mkono wenye pete unakuwa mkubwa kuliko kichwa. Rudi nyuma mita moja au zaidi, tumia lenzi ya mara 2 au 3, na uzime ile hali ya kutia ukungu nyuma: ukungu wake hupangwa na programu, nayo hukata kulabu za hereni na ncha za nyuzi kwa kuzidhania sehemu ya ukuta.

Tundu la lenzi lililo wazi sana ndilo linalopoteza picha nyingi. Kwa lenzi ya milimita 85 kwenye f/1.8 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni pana), ukiwa mita moja kutoka kwa mtu, kina cha ukali wa picha, yaani eneo la mbele hadi nyuma linaloonekana kali, ni kama sentimita moja na nusu. Kutoka jichoni hadi sikioni ni mbali zaidi ya hapo. Jicho litakuwa kali na hereni itakuwa ukungu, na kamera itakuwa imefanya kile ilichofundishwa, yaani kufokasi macho. Kwenye f/8 kina hicho hufika takribani sentimita 6 na nusu. Zima fokasi ya macho, tumia nukta moja, iweke juu ya ushanga ulio mbele zaidi. Flashi ikiwepo, anza na f/8, 1/200 ya sekunde na ISO 100 (ISO ni usikivu wa kamera kwa mwanga); kwa dirisha anza na f/5.6, 1/160 na ISO 400, kisha upandishe ISO kadiri inavyohitajika.

Kwa pete na maelezo ya karibu sana hali ni ngumu zaidi. Ukikaribia hadi kitu kichukue nusu ya ukubwa wake halisi kwenye sensa, hata f/11 hukupa milimita 4 tu, na mtu aliye hai anapumua. Kuunganisha picha nyingi zenye fokasi tofauti kunafaa kwa pete iliyo mezani, si iliyo kidoleni. Rudi nyuma kidogo na ukate picha baadaye; faili la pikseli 6000 kwa 4000 likikatwa nusu kila upande bado lina 3000 kwa 2000, na hizo zinatosha kabisa. Kuvuka f/16 hakusaidii, kwa kuwa picha nzima huanza kulegea.

Kuna matatizo mawili ya ajabu ajabu ya kujua mapema. Taa za LED za bei nafuu humetameta pamoja na umeme, na kwa kasi kubwa ya shata huacha mistari ya giza kwenye picha; kwa umeme wa hertz 50, 1/50 au 1/100 huiondoa. Na kitambaa au msuko wenye nyuzi laini zilizopangwa sana unaweza kutoa mawimbi ya rangi ambayo hayapo. Sogea hatua moja au inamisha kamera kidogo, kisha ukuze picha kwa asilimia 100 papo hapo uhakikishe yamepotea.

Mkao wa hereni unaofanya kazi mara nyingi ni uso uliogeuka robo tatu, kidevu kikisogezwa mbele kidogo na kushushwa, mabega yakishuka kwa kutoa pumzi. Kichwa kikiinamishwa upande, hereni huachana na taya na kupata anga yake. Kila anapohama mkao, hesabu hadi tatu hereni itulie. Kwa kidani mgongo uwe wima, maana akiinama mbele kidani huachana na kifua na kuzaa kivuli cha pili. Mkono hupendeza ukionyesha upande wa kidole kidogo, vidole vikiwa vimelegea na kuachana, visielekee lenzi moja kwa moja. Mishipa ikiwa imejitokeza, anyanyue mkono juu ya kichwa sekunde 30 kisha aushushe, na upige picha upesi.

Ratiba iongozwe na nywele. Picha za nywele zilizoachwa zitangulie, za zilizobanwa zifuate, kwa kuwa nywele zikishabanwa huacha mkunjo. Kwa mapambo 12, ukiyapa dakika 12 kila moja, ni saa mbili na dakika 24. Ongeza saa moja ya kupanga mwanga na nusu saa ya kubadili nywele. Zaidi ya 12 kwa siku moja mwanamitindo huchoka mabegani, na uchovu wa mabega huonekana kwenye kila kidani kitakachofuata. Mwanzoni, na kila mwanga unapobadilika, piga picha moja ya kadi ya kijivu ikiwa karibu na pambo.

Baada ya picha

Piga kwenye RAW, yaani faili ghafi la kamera, rekebisha rangi kwa ile kadi, kisha ulinganishe kioo cha kompyuta na pambo lenyewe ukiwa karibu na dirisha. Feruzi na zambarau ndizo husogea zaidi na mara nyingi huhitaji kurekebishwa peke yake. Futa vumbi, nyuzinyuzi na alama za kamba. Usinyooshe ushanga uliokaa upande wala usilinganishe hereni mbili zisizofanana kikamilifu. Mnunuzi atakayepokea kitu tofauti na picha atakirudisha, na atakuwa na haki. Toa nakala za sRGB (mfumo wa rangi wa kawaida wa mitandaoni) zenye pikseli 2000 upande mrefu, na utunze faili kamili.

Karatasi ya ridhaa isainiwe kabla ya picha ya kwanza, si baada ya kula pamoja na kucheka. Iseme picha zitatumika wapi: darasani, kwenye jalada la kazi, mitandaoni, au kwenye biashara ya fundi. Iseme kwa muda gani, na nani anaruhusiwa kuzihariri. Mwanamitindo aliye chini ya miaka 18 asainiwe na mzazi au mlezi. Jina la fundi liandikwe pamoja na picha kila inapotoka, na hilo nalo liwe kwenye karatasi.

Jioni futa kila pambo kwa kitambaa kikavu, hasa shaba, kwa kuwa chumvi ya jasho huifanya iwe nyeusi ndani ya siku chache. Ngozi na ukili vipate hewa kivulini kabla ya kufungwa, tena visifungwe kwenye plastiki. Toa selotepu na utepe wote uliouficha. Kisha rudi kwenye ile karatasi ya jaribio la kuvaa uongeze kilichobadilishwa: kipete kilichoongezwa hereni ya kushoto na ya kulia, kifungo kilichotambaa, waya uliobana. Nakala moja umpe fundi pamoja na mapambo yake.